Daktari Anajibu: Mfupa Ulioota Mkononi na Ugonjwa Ulio Nyuma Yake

Barua za mwezi huu zimetoka Muheza, Sengerema, Nakuru na Mtwara, na zote zinahusu mfupa wa mkono ulioongezeka mahali ambapo haukutakiwa kuongezeka. Nimezifupisha na kuondoa majina. Wagonjwa hawa wanne wana magonjwa manne yasiyohusiana, ingawa mtu akiwapapasa mikono gizani angeweza kudhani kwamba ni jambo moja. Na katika barua tatu kati ya hizo, mgonjwa amekwisha kukandwa, kunyooshwa au kushauriwa achuliwe kabla mtu yeyote hajajua kilichomo ndani. Jambo hilo nitalisema zaidi ya mara moja.

SWALI: Vinundu vya mwanangu ni saratani?

*Mwanangu wa pili, mvulana wa miaka tisa, ana vinundu vigumu visivyosogea, kimoja kwenye mkono wa kushoto karibu na bega na viwili juu kidogo ya kifundo cha mkono huohuo. Havimuumi, lakini kiganja kimeanza kupindia upande wa kidole cha mwisho, na akipewa chenji dukani hawezi kukifunua kiganja chote juu kama wenzake. Mama yake ana kinundu cha namna hiyo juu ya goti tangu utotoni. Bibi yake anasema ni mambo ya ukoo na anataka tambiko. Jirani anashauri tumchue kwa mafuta ya nyonyo kila jioni mpaka vinywee. Je, ni saratani? Je, vikatwe? – Baba wa watoto watatu, Muheza*

JIBU: Ndugu yangu, umetaja mambo matatu ambayo daktari wa mifupa angeyauliza kwanza: kwamba vinundu ni zaidi ya kimoja, kwamba viko karibu na maungio, na kwamba mama wa mtoto ana cha kwake. Mambo hayo yakikutana, ugonjwa unaofikiriwa kwanza ni ule wa kurithi unaoifanya mifupa iote vinundu vingi vyenye kofia ya gegedu (tishu laini kuliko mfupa, kama ile ya sikio), ambao kwa lugha ya kitabibu huitwa eksostosi nyingi za kurithi. Ni ugonjwa adimu, unaokadiriwa kumpata mtu mmoja katika kila watu 50,000, na ndiyo maana inawezekana hata mhudumu mzoefu wa zahanati hajawahi kukutana nao.

Mfupa mrefu wa mtoto haurefuki kila mahali kwa pamoja. Hurefuka karibu na ncha zake, penye tabaka jembamba la gegedu ambalo seli zake hujipanga safu kwa safu, huzaliana na hatimaye hugeuka kuwa mfupa. Katika ugonjwa huu, moja kati ya jeni mbili zinazoitwa EXT1 na EXT2 ina kasoro. Jeni hizo hushiriki kutengeneza heparani salfeti, mnyororo mrefu wa sukari unaosaidia kuziongoza seli za gegedu zijue zielekee wapi. Mnyororo huo ukipungua, baadhi ya seli hukengeuka pembeni na kuanza kujenga mfupa kuelekea nje. Kwa hiyo kinundu unachokigusa ni mfupa kamili, ambao uboho wake umeungana na uboho wa mfupa ulioota, na juu yake kuna kofia ya gegedu. Hakuna mafuta wala mkono wa mtu utakaoweza kukinywesha. Kuchua kutaumiza tu misuli, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu iliyotandazwa juu yake, na pengine kuleta uvimbe mwingine utakaomchanganya daktari.

Bibi amepatia aliposema ni mambo ya ukoo, na mwambie hivyo kwa heshima, kwa kuwa ushahidi wake ni wa maana: mzazi mwenye kasoro hii ana uwezekano wa asilimia 50 wa kumrithisha kila mtoto anayemzaa, awe wa kiume au wa kike. Takriban mgonjwa mmoja katika kila kumi hana mzazi aliye nayo, yaani kasoro imeanzia kwake. Wakague basi na watoto wako wengine wawili kwa kuwapitishia kiganja polepole kwenye mabega, mabapa ya mabega, mbavu, kuzunguka magoti na juu ya vifundo vya miguu. Vinundu vingi huwa vimejionyesha kabla ya mtoto kufikisha miaka 12.

Kinachonifanya nikuandikie kwa kirefu si vinundu vyenyewe, bali ule mkono unaopinda. Sehemu ya mkono iliyo chini ya kiwiko ina mifupa miwili inayolala sambamba, mmoja upande wa kidole gumba na mwingine upande wa kidole cha mwisho. Huu wa pili ni mwembamba penye kifundo, na sehemu kubwa ya urefu wake huupata kutoka ncha hiyohiyo ya chini. Vinundu vikiota hapo, ukuaji wake hudumaa huku mwenzake akiendelea kurefuka. Na kwa kuwa mifupa hiyo imefungamana juu na chini, ule mfupi humvuta mrefu kama kamba inavyouvuta upinde. Kiganja huanza kuegemea upande wa kidole cha mwisho, na uwezo wa kukigeuza hupungua. Tatizo likiachwa, kichwa cha mfupa wa upande wa kidole gumba kinaweza kuteguka penye kiwiko, na mteguko wa namna hiyo ni mgumu sana kuurekebisha.

Jambo hili unaweza kulipima nyumbani. Mwambie mtoto asimame, abane viwiko vyote viwili mbavuni, avikunje mpaka mikono ielekee mbele, kisha ashike penseli wima katika kila ngumi. Sasa azigeuze ngumi zote mbili pamoja, kwanza viganja vitazame juu, halafu vitazame chini. Penseli ya mkono mzima italala karibu kabisa kila upande, na ya mkono wenye tatizo itasimama njiani. Piga picha kwa simu kila baada ya miezi mitatu, mtoto akiwa amesimama palepale. Daktari bingwa akiona picha za mwaka mzima zilizopangwa hivyo, atajua kasi ya kupinda vizuri zaidi kuliko kwa maelezo yoyote ya mdomo.

Kuhusu kukatwa, mpaka sasa hakuna dawa ya kawaida inayozuia vinundu hivi kuota, na haviondolewi vyote kwa sababu tu vipo. Huondolewa kile kinachobana mshipa wa fahamu au wa damu, kinachouma, kinachozuia kiungo kufanya kazi, au kinachopindisha mfupa. Tena vingine vikiondolewa mapema mno, vikiwa bado vimekaa karibu na gegedu la ukuaji, gegedu hilo linaweza kujeruhiwa, au kinundu kikaota upya. Mkono uliokwisha kupinda ni habari nyingine: daktari anaweza kuurefusha mfupa uliodumaa kwa fremu ya vyuma inayofunguliwa kidogokidogo, kwa kawaida milimita 1 kwa siku, au kupunguza kasi ya ukuaji wa upande mmoja wa mfupa wa pili. Njia hiyo ya kupunguza kasi hufaa tu wakati mtoto bado anakua. Ushauri wa kungoja "mpaka akomae" nimeusikia mara nyingi, na kwa mkono unaopinda sikubaliani nao. Anza hospitali ya wilaya mkapate eksirei ya mkono mzima, kuanzia bega mpaka vidole, na ya mkono wa pili kwa kulinganisha. Kisha ombeni rufaa kwenda hospitali ya Bombo, Tanga, na kutoka hapo hospitali ya KCMC, Moshi, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili.

Sasa neno ulilolianza nalo. Vinundu vya mtoto wa umri huu mwenye historia ya ukoo kama yako, kwa sehemu kubwa mno, si saratani. Hatari ipo ukubwani, ambapo wagonjwa kati ya mmoja na watano katika kila 100 hupata saratani ya gegedu kutokana na kimojawapo cha vinundu vyao. Vinundu hivi hukoma kukua mifupa inapokomaa. Kinundu kinachoanza kukua tena kwa mtu mzima, au kuuma bila kuumizwa, kinatakiwa kupigwa picha ya MRI, na kofia ya gegedu ikizidi unene wa sentimita 2 kwa mtu mzima, daktari hataipuuza. Kwa hiyo mgonjwa wa pili katika barua yako ni mama wa mtoto, ambaye hukumuulizia lolote. Kile cha juu ya goti kipigwe picha mara moja ili pawe na kipimo cha kulinganishia miaka ijayo.

Niongeze tahadhari kwa wazazi wengine watakaosoma hapa. Kijana anayebalehe mwenye uvimbe mmoja tu penye goti au karibu na bega, unaokua kwa majuma, unaomwamsha usiku kwa maumivu, na ambao ngozi juu yake ina joto na mishipa iliyotuna, hana ugonjwa niliouelezea. Huyo anaweza kuwa na saratani ya mfupa ya vijana, na hatakiwi kuchuliwa, kuchanjwa wala kutobolewa usaha unaodhaniwa kuwamo. Hata kipande cha kupimwa maabara ni vyema kikatwe katika hospitali itakayomfanyia upasuaji, kwa maana kikikatwa pasipofaa, kinaweza kuharibu nafasi ya kuuokoa mkono.

SWALI: Mbona daktari anachelewa kumpasua?

*Binti yangu wa miaka sita ana selimundu. Miezi miwili iliyopita alipata homa kali na mkono wa juu ukavimba. Tulidhani ni maumivu yake ya kawaida, bibi akawa anamkanda kwa maji ya moto. Alitibiwa malaria, kisha akapewa vidonge vya antibiotiki vya siku tano. Sasa kuna tundu linalotoa usaha, na juzi kilitoka kipande cha mfupa. Picha inaonyesha mfupa mpya mnene ukiuzunguka mfupa uliokufa. Daktari anasema tusubiri. Tunasubiri nini? – Mama, Sengerema*

JIBU: Pole sana, mama. Daktari wako anasubiri ule mfupa mpya uimarike, na anafanya vyema.

Mwenye selimundu hupatwa na maambukizi ya mifupa kwa urahisi kuliko watoto wengine. Chembe nyekundu zake zikijikunja huziba vijishipa vya damu ndani ya mfupa, vipande vya mfupa hukosa damu na kufa, na bandama, ambayo ingeondoa vijidudu katika damu, huwa imekwisha kudhoofika mapema utotoni. Kijidudu cha salmonela, ambacho kwa wengine huishia tumboni, kwao huweza kupita utumboni na kwenda kukaa katika mfupa uliokufa. Stafilokokasi nayo hufanya hivyo. Usaha ukijaa huinua ule utando unaoufunika mfupa. Utando huo ungali hai, nao huanza kujenga mfupa mpya kwa nje, kuuzunguka ule uliokufa.

Kwa hiyo, tofauti na barua iliyotangulia, hapa mfupa ulioongezeka ndio wa kutegemewa: huo mpya ndio utakaokuwa mkono wa binti yako. Uliokufa ukiondolewa kabla mpya haujaweza kuubeba mkono, patabaki pengo katikati, na mkono utalegea au kuwa mfupi. Kwa kawaida husubiriwa miezi kadhaa, huku picha zikirudiwa na mkono ukikingwa kwa bandeji ngumu ili mfupa usivunjike. Ukisubiri, usaha upelekwe maabara kuotesha vijidudu, kwani dawa itachaguliwa kwa majibu hayo. Vidonge vya siku tano haviwezi kuufikia ugonjwa wa mfupa. Tiba hiyo huhesabiwa kwa majuma, mara nyingi manne hadi sita, na huanza kwa sindano. Vipande vinavyotoka visivutwe nyumbani. Siku ya upasuaji ikifika, hakikisha mtu wa dawa ya usingizi anajua kwamba mtoto ana selimundu, kwa sababu ukavu wa mwili, baridi na upungufu wa hewa ya oksijeni vinaweza kuzusha shambulio mezani palepale.

Inakadiriwa kwamba watoto takriban 11,000 huzaliwa na selimundu nchini Tanzania kila mwaka, na kosa lililotokea kwenu la kudhani ni maumivu ya kawaida hutokea hata hospitalini, kwa kuwa dalili zinafanana. Maumivu ya kawaida mara nyingi hushika sehemu kadhaa, na hutulia kwa maji mengi na dawa za maumivu. Maambukizi hung'ang'ania sehemu moja, homa hupanda na haishuki, na mtoto hukataa kabisa kuutumia mkono huo. Picha ya eksirei iliyopigwa katika siku kumi za mwanzo inaweza kuonekana safi ilhali usaha umo ndani, hivyo isiwe sababu ya kumrudisha mtoto nyumbani. Damu ichukuliwe kwa ajili ya kuotesha kabla ya antibiotiki kuanza. Muulize daktari pia kuhusu haidroksiyurea, ambayo hupunguza mashambulio, kama binti yako bado hajaanzishiwa. Na miaka ijayo akilalamikia bega lisilopona, lipigwe picha, kwa maana kichwa cha mfupa wa mkono wa juu ni sehemu ambayo selimundu huiua mara nyingi, ikitanguliwa na kile cha nyonga.

SWALI: Mkono haukuvunjika, mfupa umetoka wapi?

*Kaka yangu ni mwendesha bodaboda. Alipata ajali, akaumia kichwa, akalala majuma matatu bila fahamu. Mkono haukuvunjika. Sasa ni mwezi wa nne, kiwiko cha kulia kimevimba na kimekwama nusu ya kukunjika. Tumekuwa tukikinyoosha kwa nguvu kila asubuhi, wawili wetu, lakini kinazidi kuwa kigumu. Eksirei imeonyesha mfupa mbele ya kiwiko. – Dada yake, Nakuru*

JIBU: Dada, acheni kukinyoosha kwa nguvu kuanzia leo.

Ubongo ukiumia vibaya, na hata uti wa mgongo ukikatika au mwili ukiungua sehemu kubwa, seli zilizotulia katika nyama laini kuzunguka maungio makubwa huweza kupokea ishara zisizo zake na kugeuka kuwa wajenzi wa mfupa. Nyonga ndiyo huathirika zaidi, na kwa walioumia kichwa kiwiko nacho hufuata kwa ukaribu. Hujitokeza kwa kawaida katika miezi michache ya kwanza: kiungo huwa cha moto, huvimba, hupunguza mwendo, na wengi huambiwa kwamba ni jipu au damu iliyoganda. Nanyi kila mnapokivuta, nyama huchanika kidogo na damu huvuja, jambo linaloweza kuchochea mfupa zaidi. Mazoezi yaendelee, ila ya taratibu, ndani ya mwendo usiomletea maumivu makali, chini ya mtaalamu wa viungo. Zipo dawa, kama indometasini, zinazoweza kuzuia mfupa huu usiongezeke, lakini kwa mtu aliyevuja damu kichwani ni daktari wake pekee anayeweza kuamua, msizinunue dukani.

Mfupa huo unaweza kuondolewa kwa upasuaji, ukiisha kukomaa na kupata kingo zinazoonekana wazi katika picha, jambo ambalo mara nyingi huchukua miezi sita hadi mwaka na zaidi. Kuna dalili moja isiyongoja. Kaka yako akianza kufa ganzi kidole cha pete na cha mwisho, au kiganja kikakosa nguvu, mpelekeni mara moja, kwa sababu mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko umeanza kubanwa.

Upo ugonjwa mmoja adimu mno, unaompata takriban mtu mmoja katika kila milioni moja au mbili, ambamo misuli hugeuka mfupa tangu utotoni bila ajali kubwa yoyote. Mtoto huyo huzaliwa na vidole gumba vya miguu vilivyo vifupi na vilivyopinda, na sindano za msuli au kukatwa kipande cha kupima humwongezea mifupa. Kaka yako hana ugonjwa huo, lakini mtoto mwenye uvimbe mgumu mgongoni au shingoni avuliwe viatu kwanza kabla ya kuguswa na kisu.

SWALI: Dawa za baridi yabisi hazimsaidii baba

*Baba ana miaka 61 na amevuta sigara tangu ujana. Vifundo vya mikono yote miwili vinamuuma na vimevimba, pamoja na miundi. Ametumia dawa za baridi yabisi miezi mitano. Picha ya mikono imeonyesha tabaka jembamba la mfupa mpya juu ya mifupa. Anakohoa, lakini si sana. – Kijana, Mtwara*

JIBU: Mwombe baba aziunganishe kucha za vidole viwili vya shahada, mgongo kwa mgongo, na uzitazame dhidi ya mwanga wa dirisha. Kwa mtu mzima wa afya, panapoanzia kucha hubaki kijidirisha kidogo chenye umbo la almasi. Ncha za vidole zikiwa zimenenepa na kucha zimeviringika, kijidirisha hicho hupotea. Leo Schamroth, daktari wa moyo wa Afrika Kusini, alikieleza kipimo hiki mwaka 1976 baada ya kuyaona mabadiliko hayo katika vidole vyake mwenyewe alipougua moyo.

Kama kimepotea, basi maumivu ya vifundo, tabaka la mfupa mpya na vidole hivyo ni ugonjwa mmoja, na asili yake kwa kawaida haiko mikononi. Kwa mvutaji sigara wa umri huu, saratani ya mapafu ndiyo inayotakiwa kutafutwa kwanza, na maumivu ya mifupa yanaweza kuitangulia dalili ya kifua kwa miezi. Jipu la pafu, usaha wa muda mrefu katika njia za hewa, maradhi ya moyo ya kuzaliwa na ini lililosinyaa navyo vinaweza kuleta hali hii; vidole vya namna hiyo vikiwa vya ukoo tangu ujana, ni habari nyepesi zaidi. Apigwe eksirei ya kifua juma hili, na picha isipojibu kila kitu, CT-scan. Makohozi yapimwe kifua kikuu pia, lakini asianzishiwe dawa za kifua kikuu kwa kubahatisha, kwa kuwa wapo wagonjwa wa saratani waliomaliza miezi sita ya dawa hizo huku uvimbe ukiendelea kukua. Uvimbe wa pafu ukiwahiwa na kuondolewa, maumivu ya vifundo yanaweza kutulia haraka kuliko dawa yoyote ya viungo ilivyoweza.

Hospitali ya rufaa ya kanda ipo hapohapo Mtwara. Nendeni na picha ya mikono mliyo nayo, na orodha ya dawa zote alizotumia kwa miezi hiyo mitano, kwa sababu dawa nyingi za maumivu zikitumiwa muda mrefu huumiza tumbo na figo, na daktari atataka kuzipima figo kabla ya CT-scan yenye dawa ya kuchomwa mshipani.